MAZIWA TUNAYOKUNYWA NA HOMA ISIYOKWISHA

(Hotuba iliyotolewa baada ya chakula cha mchana, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, na mwanachama ambaye ni fundi wa maabara mstaafu)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, aliniambia nichague jambo lolote la afya linalowafaa watu wa rika letu, mradi nisizidishe nusu saa, na mradi nisiwatishe watu kabla chakula hakijashuka. Sharti la kwanza nitajitahidi kulitimiza. La pili sina hakika nalo, kwa sababu nimechagua kuzungumza juu ya maziwa, na hapo nyuma nawaona wengine bado wameshika bilauri zao. Waendelee kunywa. Nitawaeleza mwishoni kwa nini maziwa ya leo hayana neno.

Wengi wenu mnajua kwamba nilipomaliza kidato cha nne hapa mwaka 1977 nilikwenda kusomea kazi ya maabara, nikaifanya mpaka siku ya kustaafu. Kwa maneno mengine, maisha yangu nimeyamaliza nimeinama juu ya hadubini nikitazama damu, makohozi na choo cha watu. Si kazi ya kusimuliwa mezani. Lakini imenifundisha kwamba anachokunywa mtu huacha nyayo mwilini mwake, na mwenye subira anaweza kuzisoma. Leo naomba tuzisome nyayo za maziwa, kwanza tumboni, halafu katika damu. Na katika kuzisoma nitakiri kosa langu moja, ambalo nimelibeba kwa muda mrefu.

Lakini kwanza nawakumbusha jiko letu. Wale wa miaka ile hamjasahau kwamba wakati wa Elimu ya Kujitegemea shule ilikuwa na shamba, bustani ya mboga na zizi la ng'ombe. Tulikamua kwa zamu. Maziwa yalipelekwa jikoni kwa Mzee mpishi wetu, Mungu amrehemu, ambaye hakumruhusu mtu yeyote, hata kiranja mkuu, kuchota kabla sufuria halijachemka, povu likapanda, akalishusha, likapanda tena, mara tatu. Tuliona ni ubahili, au ni mbinu ya kutuchelewesha ili yeye abaki na sehemu yake. Sisi wa zamu ya kukamua tulijiona wajanja: tulikunywa zizini, maziwa mabichi, yenye joto la ng'ombe na povu lake. Mzee alipotukamata alituambia maneno machache tu: "Maziwa mabichi ni ya ndama." Tulicheka sana. Tulikuwa watoto wa shule, tunajua kemia. Yeye hakujua kusoma.

Sasa twende tumboni. Naanza huko kwa sababu tumboni vijidudu vina haki ya kukaa. Msishtuke. Katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wamo bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni wapangaji wema: humeng'enya mabaki tuliyoshindwa kuyameng'enya sisi, na huwazibia nafasi wale waovu. Maziwa ndiyo huwapa wengi wao makazi ya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mmoja wa Paris, Henri Tissier, alipochunguza choo cha watoto wachanga wanaonyonya aliona bakteria wenye umbo la panda, kama tawi la manati. Hao ndio waitwao bifidobakteria. Baadaye ilifahamika kwamba maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Mama anazitengeneza za nini basi? Ni chakula cha bakteria hao. Mama humnyonyesha mtoto, na papo hapo huwalisha walinzi wa tumbo lake.

Tukiisha kukua mambo hubadilika. Sukari iliyomo katika maziwa huitwa laktosi, na ili imeng'enywe mwili hauna budi kutoa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watu wazima wengi duniani hupungukiwa na laktasi baada ya utoto. Kwa hiyo sukari ile hushuka nzima mpaka utumbo mpana, bakteria huichachusha, na mwenye tumbo lake hujaa gesi na kuharisha. Ndugu zetu wa jamii za wafugaji hunywa kibuyu kizima bila shida. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo huo umo katika damu ya ukoo, na kwamba mabadiliko yaliyouleta kwa wafugaji wa Afrika Mashariki yalizuka peke yake, mbali na yale ya Ulaya. Kwa hiyo mtu akisema maziwa yanamsumbua tumbo, msimwite mwenye maringo.

Kuna pia maziwa ya mgando. Hapa bakteria wengine hutangulia kuila sukari ile kibuyuni na kuigeuza kuwa asidi, na ndiyo maana wengi wasioweza maziwa ya kawaida huweza mgando. Elie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliamini kwamba bakteria wa maziwa ya mgando ya Bulgaria wakikaa tumboni mtu ataishi miaka mingi zaidi. Baadaye wengine walichunguza wakaona bakteria wale hawakai. Hupita. Ukiacha kunywa, nao hutoweka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bakteria wa mgando ni wageni wenye adabu: hufanya kazi yao siku mbili, halafu huaga.

Hayo ni ya tumboni. Damu ni jambo jingine. Damu ya mtu mzima wa afya si makazi ya bakteria. Wachache huponyoka wakaingia, hata kwa kupiga mswaki tu, lakini walinzi wa damu, yaani chembe nyeupe, huwamaliza upesi. Bakteria akionekana anaishi na kuzaana katika damu, hiyo ni hatari. Na yuko mmoja ambaye husafiri ndani ya maziwa mabichi, hupita tumboni bila kuleta fujo, huingia katika damu, na chembe nyeupe inapommeza yeye hafi. Hukaa humo humo ndani ya mlinzi na kuzaana. Ni mwizi aliyejificha katika kibanda cha askari. Anaitwa Brusela. Wafugaji wanamjua kwa kazi yake zizini: ndiye mwenye ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, na hushika mbuzi na kondoo pia. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi la usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo.

Sasa nalifikia kosa langu.

Mwaka 1994 nilikuwa katika maabara ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja dirishani kwangu alisimama mwenzetu mmoja, mtu wa darasa langu, tuliyekamua naye zamu moja. Yumo humu ukumbini. Ameniruhusu nisimulie, kwa sharti nisimtaje jina, ijapokuwa naona nusu ya ukumbi imekwisha kugeuka kumtazama. Alikuwa mhasibu, mwenye afya, mchezaji wetu wa kiungo cha kati. Homa ilikuwa imemshika wiki ya pili. Karatasi yake iliomba kipimo cha malaria. Nilitazama damu yake kwa makini, sikuona kijidudu cha malaria hata kimoja, nikaandika hivyo. Akapewa klorokwini vilevile, kwa kuwa siku zile homa ilikuwa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi haikupewa nafasi ya kuthibitika.

Baada ya wiki tatu akarudi, amekonda. Safari hii karatasi iliomba kipimo cha homa ya matumbo. Nikachanganya damu yake na dawa juu ya kioo, nikaona inagandamana kidogo, kidogo sana. Nilifundishwa chuoni kwamba dalili ndogo namna ile haithibitishi kitu. Mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye homa nyingine huweza kuionyesha. Lakini foleni ilikuwa ndefu, daktari alikuwa anangoja jibu, nami nikaandika neno moja: "Anayo." Akatibiwa homa ya matumbo. Akapata nafuu kidogo, kisha homa ikarudi. Mara ya tatu alipokuja alikuwa anainama kama mzee. Baadhi ya watu kazini kwake walikuwa wameanza kusema anajisingizia, maana asubuhi anaonekana mzima na jioni analala. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia: "Ndugu yangu, pumzika kidogo, ni mawazo haya."

Miezi saba ikapita. Ndugu zake wakampeleka hospitali kubwa ya mbali. Huko daktari mmoja mzee, kabla hajashika kalamu, alimwuliza swali moja: "Unakunywa maziwa gani?" Akajibu kwamba kila mwisho wa juma huenda ukweni, na mama mkwe humpokea kwa kibuyu cha maziwa mabichi, naye kwa heshima hukimaliza. Wakachukua damu yake wakaiotesha. Brusela huota polepole. Maabara yenye haraka humtupa kabla hajajitokeza. Hawa walingoja, naye akajitokeza. Lakini alikuwa amekwisha kula pingili mbili za uti wa mgongo. Mwenzetu akatibiwa kwa dawa mbili pamoja kwa muda mrefu, akapona homa. Mgongo haukurudi kama zamani. Ile fimbo mnayomwona nayo ndiyo hiyo.

Nilikwenda kumwona. Nilitaka kueleza habari za dawa ambazo hatukuwa nazo rafuni, na foleni, na daktari aliyekuwa akingoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ungeniuliza tu." Hakusema zaidi. Na kweli, swali lile halikuhitaji dawa wala mashine. Ugonjwa ule ulikuwa umeandikwa katika daftari langu la chuo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ningeweza kuandika mstari mmoja chini ya karatasi yake: "Aulizwe habari za maziwa." Sikuandika.

Tangu siku ile nilisoma kila nilichoweza kupata juu ya ugonjwa huu, na naomba niwape kidogo, kwa kuwa historia yake ni historia ya swali hilo hilo.

Katika kisiwa cha Malta askari wa Kiingereza walikuwa wakiugua homa ya miezi mingi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, ambaye mwaka 1903 alikuja Uganda kuchunguza malale, alimwona kijidudu huyu katika bandama za askari waliokufa. Kijidudu kimeonekana, lakini kinatoka wapi? Hilo lilichukua miaka 18. Watu walilaumu hewa, vumbi, mbu. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wanono, wanatoa maziwa vizuri, hawana dalili yoyote, na wengi wao walikuwa nacho. Mwaka huo huo meli iitwayo Joshua Nicholson iliondoka Malta ikipeleka mbuzi Marekani. Mabaharia wakanywa maziwa mabichi njiani, na wengi wakaugua homa ile ile. Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yakaondolewa katika chakula cha askari, na homa ikashuka ghafla kambini. Lakini raia wa kisiwani, waliokamuliwa mbuzi mlangoni kwao kila asubuhi, waliendelea kunywa, na wakaendelea kuugua kwa miaka mingi. Ujuzi ulikuwapo, haukufika jikoni.

Na huko Marekani alikuwapo mwanamke mmoja, Alice Evans, mtaalamu wa bakteria wa maziwa. Mwaka 1918 alichapisha kwamba kijidudu cha mbuzi wa Malta na kile kinachotupisha mimba ng'ombe ni ndugu wa karibu mno, na kwa hiyo maziwa mabichi ya ng'ombe nayo ni ya kuogopwa. Wakubwa hawakumsadiki: hakuwa daktari, tena mwanamke. Mwaka 1922 akaambukizwa yeye mwenyewe kazini, akaugua kwa vipindi kwa miaka kama 20, na kwa muda mrefu akaambiwa ni ugonjwa wa mawazo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemwambia mtu maneno hayo hayo.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Watu 528 kati yao walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Walipopimwa barabara, wenye malaria kweli walikuwa 14. Waliobaki walikuwa na homa nyingine nyingi, na Brusela alikuwa mmojawapo. Lakini nataka kuwa mwaminifu kwa upande wa pili pia. Kipimo cha haraka cha Brusela kinachotumika sehemu nyingi kimeonekana kudanganya. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi kutoka Kenya ulioonyesha jambo hilo wazi. Wapo wanaomezeshwa dawa wiki nyingi bure. Kwa hiyo msikimbilie kupimwa kila goti linapouma. Homa ikikataa kuondoka, semeni wenyewe mlikunywa nini, na mwombe kipimo cha kuaminika.

Sasa nifanye nini jikoni? Jambo hili ni jepesi mpaka linaaibisha. Kijidudu hiki hufa kwa joto. Viwandani maziwa hupashwa nyuzi 63 za Sentigredi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na hiyo yatosha. Sufuria linalochemka hupita hapo mbali, hata kwetu milimani ambako maji huchemka mapema. Vuguvugu halitoshi, yachemke.

Wengine mtaniambia, "Sisi twanywa mgando, asidi imekwisha kuua." Asidi hupunguza, lakini haitegemeki, Brusela aweza kuishi siku kadhaa katika mgando usiokuwa mkali. Wala moshi wa kijinga cha mzeituni mwitu kibuyuni, japo una harufu nzuri, hautoshi. Fuateni utaratibu huu: chemsha kwanza, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mgando wa jana, ufunike. Bakteria wema watafanya kazi yao kama kawaida, na mwovu hatakuwapo. Mgando ni ule ule.

Najua gumu liko wapi. Haliko katika kuni wala sufuria. Liko ukweni, pale mama mkwe anapokunyoshea kibuyu kwa mikono miwili. Mtu atakataaje? Mwenzetu huyu amepata jibu, nami naliiba leo. Siku hizi akifika husema, "Mama, mgongo wangu umeniharamishia yasiyochemka," na mama mkwe mwenyewe sasa huyachemsha kabla hajaombwa, na huyachemsha kwa ajili ya wajukuu wote. Heshima haikupungua hata chembe.

Ndugu zangu, humu ndani mmo madaktari, walimu, wafugaji, wakuu wa idara, na wengi ni babu. Yule mwenye kushika kalamu mbele ya mgonjwa, aulize. Yule mwenye homa, aseme. Mwenye wajukuu wanaopenda kwenda zizini kunywa povu, awakataze, na wakicheka, awaache wacheke.

Niliahidi kueleza habari ya bilauri zenu. Leo asubuhi, kabla ya mkutano, nilikwenda jikoni. Sufuria si lile la zamani na mpishi ni kijana. Nilisimama kando nikamwangalia. Povu likapanda, akashusha, likapanda, akashusha, likapanda tena. Nikamwuliza nani amemfundisha. Akasema ndivyo alivyokuta jiko hili likifanya.